Je, mto umesogea au ramani ndiyo iliyosogea? Kusoma ramani za kale katika mikusanyo ya kidijitali

Swali la msomaji: "Ninaandaa tasnifu juu ya mto unaosemekana kuhama mkondo katika muda wa miaka mia moja na ushei. Nimeipata ramani ya zamani ya bonde lake, ya skeli ya 1:50,000, katika mikusanyo mitatu ya kidijitali. Mkusanyo wa kwanza unasema ni ya mwaka 1894, wa pili 1902, na wa tatu umeandika [1910?]. Rangi nazo hazifanani. Nilipoiweka juu ya picha ya satelaiti, mto ulionekana uko kama mita 300 magharibi ya ulipo leo. Niamini mwaka upi, na je, ninaweza kuandika kwamba mto umesogea mita 300?"

Jibu

Kwa sasa usiandike hivyo. Huenda mto umesogea kweli, lakini mita 300 ulizozipima kwenye skrini ni jumla ya mambo kadhaa yaliyorundikana, nayo ni kazi ya mpimaji aliyekwenda uwandani, karatasi iliyokaa kabatini kwa zaidi ya karne, mashine iliyoipiga picha, na mtu au programu iliyoipachika picha hiyo kwenye majiranukta ya leo (namba zinazoonyesha mahali, kama latitudo na longitudo). Kila mmoja wa hao ana uwezo wa kuuhamisha mto bila tone la maji kuondoka mahali pake. Kazi yako ni kuyatenganisha hayo kwanza, kisha kuangalia kinachobaki.

Nianze na miaka, kwa kuwa hapo jibu ni jepesi kuliko linavyoonekana. Inawezekana kabisa kwamba mikusanyo yote mitatu inasema kweli. Ramani ya topografia haina tarehe moja. Kuna mwaka ambao ardhi ilipimwa, mwaka ambao mchoro ulikamilishwa, mwaka wa kuchapishwa mara ya kwanza, mwaka wa marekebisho, na mwaka ambao nakala hii hasa ilitoka mtamboni. Mkatalogi mmoja, yaani mfanyakazi wa maktaba anayeandika taarifa za ramani, huchukua mwaka wa upimaji, mwingine huchukua mwaka wa kuchapishwa, na wa tatu, asipoona tarehe yoyote, hukadiria kutokana na dalili na kuweka makadirio yake katika mabano ya mraba pamoja na alama ya kuuliza. Mabano hayo si pambo. Ni tamko rasmi la mkatalogi kwamba tarehe hiyo hakuikuta kwenye karatasi, na wewe huna budi kulihamisha tamko hilo katika tasnifu yako jinsi lilivyo.

Maktaba ya Taifa ya Scotland, ambayo mkusanyo wake wa ramani za Ordnance Survey, shirika la upimaji na ramani la Uingereza, ni miongoni mwa mikusanyo iliyoandaliwa kwa uangalifu mkubwa zaidi, huonyesha mwaka wa upimaji na mwaka wa kuchapishwa kando kando kwa karatasi nyingi. Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, ambalo limeweka mtandaoni ramani zake za topografia tangu zile za mwaka 1884, huandika tarehe nyingi zaidi kwa karatasi moja, ikiwamo ya picha za anga zilizotumika na ya marekebisho. Katika baadhi ya ramani za USGS za karne ya 20, marekebisho yaliyofanywa kwa kutazama picha za anga bila kurudi uwandani yalichapishwa kwa rangi ya zambarau, hivi kwamba msomaji huona kwa jicho kipi ni cha upimaji wa awali na kipi kiliongezwa baadaye. Ni uungwana ambao wachapishaji wengi hawakuwa nao. Mfululizo wa zamani wa Ordnance Survey wa inchi moja kwa maili, ulioanza na Kent mwaka 1801, uliendelea kuchapishwa kwa mabamba yale yale ya shaba kwa miongo mingi. Reli zilichongwa juu yake kadiri zilivyojengwa, lakini tarehe ya awali ikaachwa chini ya fremu. Ndiyo maana unaweza kukuta karatasi yenye tarehe ya enzi ambayo reli zilizochorwa ndani yake hazikuwapo duniani.

Kwa hiyo, swali lenye manufaa kwako si "ramani hii ni ya mwaka gani" bali "mto huu ulipimwa mwaka gani". Mrekebishaji aliyetumwa kuongeza reli na barabara mpya mara nyingi hakuugusa mto hata kidogo. Ikiwa karatasi yako ilipimwa mwaka 1894, ikachapishwa 1902, na kuchapishwa tena karibu na 1910 pamoja na njia mpya ya reli, mto uliomo ndani yake ni wa 1894 katika nakala zote tatu. Ili kulithibitisha hilo, tafuta picha ambayo haijakatwa pembezoni. Mikusanyo mingi hutoa matoleo mawili ya karatasi moja: picha kamili, na nyingine iliyopunguzwa hadi kwenye mstari wa fremu ili iungane na karatasi jirani. Hiyo ya pili inapendeza na ni rahisi kuitumia, lakini imepoteza maandishi yote ya ukingoni. Fungua ile kamili, kuza pembe za chini za kushoto na za kulia hadi herufi ndogo kabisa zisomeke, na usome jina la mchapaji, idadi ya nakala iwapo imetajwa, mwezi na mwaka. Mara nyingi mstari mmoja mfupi wa herufi na tarakimu pale chini, ambao hakuna mkatalogi aliyeunakili, ndio unaomaliza ubishi.

Lipo jambo jingine linalohusiana na hilo. Usihesabu ramani zinazokubaliana kana kwamba ni mashahidi wanaojitegemea. Mwaka 1629 mchapishaji ramani wa Amsterdam, Willem Blaeu, alinunua mabamba ya kuchapia ya mshindani wake Jodocus Hondius Mdogo na kuyatumia katika atlasi yake mwenyewe; biashara ya ramani iliishi kwa kununua, kurithi na kuiga mabamba. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Milima ya Kong, safu ndefu iliyochorwa kukata Afrika Magharibi katika ramani ya James Rennell ya mwaka 1798. Milima hiyo ilirudiwa na wachora ramani kwa takribani karne nzima, hadi mpelelezi Mfaransa Louis-Gustave Binger alipopita eneo hilo kati ya 1887 na 1889 na kukuta kwamba haipo. Ukitafuta leo katika mkusanyo wowote mkubwa utapata ramani chungu nzima zinazoionyesha, na zote chanzo chao ni kimoja. Ukiona pindo la mto wako limechorwa kwa umbo lile lile, na kosa lile lile la tahajia kwenye jina la kijito, katika ramani nne, unayo ramani moja na waigaji watatu.

Ni muhimu pia ujue kama nakala zako tatu ni tatu kweli. Baadhi ya majukwaa hayana ramani hata moja ya kwao. OldMapsOnline, iliyoanzishwa mwaka 2012, ni faharasa inayokuwezesha kutafuta kwa kuonyesha eneo kwenye ramani, kisha inakupeleka kwenye maktaba yenye picha. Majukwaa mengine hupakia upya picha za maktaba bila kutaja namba yake ya rafu. Namna ya kukagua ni kuangalia madhaifu ya karatasi yenyewe: weka picha mbili sambamba, utafute mhuri wa maktaba, doa la maji, mkunjo, tundu la mdudu au mpasuko wa pembeni. Kama doa lenye umbo la kiatu liko pembe ile ile katika picha zote mbili, hiyo ni karatasi moja iliyopigwa picha mara moja au mbili, na tofauti ya rangi ni tofauti ya kamera. Kama madoa hayafanani, ni nakala mbili za kimwili, na hapo rangi zinaweza kutofautiana kwa sababu za haki: ramani nyingi hadi karne ya 19 zilipakwa rangi kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine, na rangi ya kijani iliyotokana na shaba huifanya karatasi iwe kahawia na hata kuikatakata. Rangi, kwa ufupi, isikusumbue isipokuwa ina maana katika ufunguo wa ramani.

Sasa tuingie kwenye mita. Pakua faili kubwa kuliko yote inayotolewa, kamwe usipige picha ya skrini. Karatasi yenye upana wa sentimita 60, ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, huwa na takribani pikseli 7,087 kwa upana, na kila pikseli hubeba milimita 0.085 ya karatasi. Kwa skeli ya 1:50,000 hiyo ni kama mita 4.2 za ardhi. Karatasi hiyo hiyo ikipunguzwa hadi pikseli 1,000 kwa ajili ya kuonyeshwa haraka, kila pikseli inakuwa mita 30. Watu wengi hufanya upimaji kwenye picha ya pili wakidhani wanaufanya kwenye ya kwanza. Maktaba ya Kongresi ya Marekani hutoa faili za TIFF na JPEG 2000 kwa sehemu kubwa ya ramani zake zilizowekwa mtandaoni. Mkusanyo wa David Rumsey, ambao kituo chake katika Chuo Kikuu cha Stanford kilifunguliwa mwaka 2016, nao una picha za ubora wa juu sana. Maktaba nyingi kubwa sasa hutumia mfumo wa pamoja uitwao IIIF, unaoruhusu programu ya nje kuomba sehemu yoyote ya picha kwa ukubwa wake kamili moja kwa moja kutoka kwenye seva ya maktaba. Ukiweza kufanya kazi kwa njia hiyo, hasa kwa zana ya kupachika ramani kama Allmaps, utakuwa pia umehifadhi uhusiano kati ya vipimo vyako na picha halisi ya maktaba, na msomaji wa tasnifu ataweza kukukagua.

Hata hivyo, ubora wa picha hauponyi karatasi. Karatasi huvuta unyevu na kuuachia, nayo hutanuka na kusinyaa kwa viwango visivyolingana kati ya upande mmoja na mwingine. Zile zilizochapwa kwa bamba la shaba zililoweshwa kwanza ndipo zikapita mtamboni, zikasinyaa zilipokauka. Asilimia moja tu ya sentimita 60 ni milimita 6, na milimita 6 kwa skeli yako ni mita 300. Umeona namba hiyo inavyofanana na yako. Sisemi kwamba ndiyo iliyokupata, ila kwamba mtu aliyeshikiza ramani pembe moja na kuitazama pembe ya pili anaweza kuupata mto uliohama mita 300 kwa sababu ya hali ya hewa ya chumba cha kuhifadhia. Chunguza vilevile kama ramani yako ilikatwa vipande na kubandikwa kwenye kitambaa ili ikunjike, kama walivyofanya wasafiri na maofisa wengi. Nafasi ndogo kati ya vipande huonekana kwenye skani kama mistari myembamba ya kitambaa, na kila mstari unaongeza umbali ambao haupo ardhini. Karatasi ya namna hiyo inabidi uitenganishe vipande kwa programu ya picha na kuviunganisha upya kabla hujaigusa kwa jambo lolote lingine.

Baada ya hapo ndipo unaipachika kwenye majiranukta, na hapa ndipo watafiti wengi hujikwaa. Katika QGIS, programu ya kuchakata ramani, au nyingine yoyote ya namna hiyo, unachagua nukta za udhibiti, yaani mahali panapotambulika katika ramani ya zamani na katika ramani ya leo. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika kazi ninazoletewa kuzisoma ni la kuchagua makutano ya mito na daraja la zamani kwa sababu vinaonekana vizuri. Makutano ya mito ndiyo hasa unayotaka kuyapima. Ukiyatumia kama nukta isiyosogea, umelazimisha jibu kabla ya kuuliza swali. Daraja nalo huenda lilijengwa upya mita mia moja kuelekea mto unakotoka. Chagua nguzo za upimaji zilizoko vilimani, majengo ya ibada yaliyosimama tangu wakati huo, njia panda za reli, na mikato ya gridi ikiwa unaijua kwa uhakika. Zitawanye nukta zako hadi pembe zote za karatasi badala ya kuzirundika kando ya mto.

Chaguo la aina ya ubadilishaji, yaani kanuni ya hesabu ambayo programu huitumia kuihamisha picha hadi kwenye majiranukta, lina uzito sawa na chaguo la nukta. Ubadilishaji wa polinomi ya daraja la kwanza unahitaji nukta zisizopungua 3, huruhusu karatasi kusinyaa tofauti kwa mlalo na kwa wima, na hauipindi ramani. Daraja la pili linahitaji 6 na la tatu 10, na kila unapopanda daraja unaipa programu uhuru zaidi wa kupinda. Ipo njia ya "thin plate spline", ambayo huinyoosha ramani kama mpira hadi kila nukta ikae hasa ulipoiweka. Picha yake hupendeza, na hitilafu inayoripotiwa huwa sifuri, lakini sifuri hiyo haina maana yoyote: programu imelazimishwa kuipata. Kwa ramani iliyopimwa kitaalamu mwishoni mwa karne ya 19 mimi ningetumia daraja la kwanza, nukta 12 hadi 20, na ningezificha nukta 5 nyingine zisihusike kabisa, kisha niangalie baadaye ziko mbali kiasi gani na mahali zinapostahili kuwa. Wastani wa umbali wa nukta hizo zilizofichwa ndiyo hitilafu yako ya kweli. Ile inayoonyeshwa na programu kwa nukta ulizozitumia ni ya kujipongeza.

Linabaki shaka moja ambalo kwa maelezo yako ninalitilia mkazo kuliko mengine yote. Ikiwa hukuchagua nukta mwenyewe, bali ulisoma latitudo na longitudo kwenye ukingo wa ramani na kuziingiza kama zilivyo, basi umezichukua namba za mfumo mmoja wa upimaji na kuziweka ndani ya mfumo mwingine. Kabla ya mfumo wa dunia nzima unaotumiwa na satelaiti, nchi moja moja zilikuwa na umbo lao la dunia na nukta yao ya kuanzia. Namba zile zile za latitudo na longitudo huangukia mahali tofauti: kati ya mfumo wa zamani wa Tokyo na ule wa satelaiti, tofauti ni takribani mita 450. Kuhusu longitudo, kumbuka pia kwamba Greenwich ilikubaliwa katika mkutano wa Washington mwaka 1884, na hata baada ya hapo ramani nyingi ziliendelea kuhesabu kutoka Paris au kutoka kisiwa cha Ferro. Kosa la namna hiyo lakini ni la mamia ya kilomita, na ungeliona papo hapo. Hili la mfumo wa upimaji ni la hatari kwa sababu ni dogo kiasi cha kuaminika.

Dawa yake ni kutazama namna mto ulivyohama badala ya kiasi ulichohama. Tofauti ya mfumo wa upimaji husukuma kila kitu upande mmoja kwa kiasi kimoja: mto, reli, kilima na kanisa. Karatasi iliyosinyaa huleta tofauti inayokua taratibu kadiri unavyokwenda mbali na mahali ulipoishikiza. Mto wenyewe hauhami hivyo. Unakula ukingo wa nje wa pindo na kuacha mchanga ukingo wa ndani, mapindo yanaongezeka upana na kusogea kuelekea chini ya mkondo, na mara nyingine shingo ya pindo inakatika na kuacha ziwa dogo lenye umbo la mundu. Sehemu zilizonyooka na zilizobanwa na mwamba hubaki pale pale. Kwa hiyo, kama mto wako uko mita 300 magharibi kwenye sehemu zilizonyooka na kwenye mapindo vilevile, na reli ya zamani nayo iko mita 300 magharibi ya tuta lake la leo, hujaugundua uhamaji wa mto. Umegundua mfumo wa upimaji. Kama reli iko mahali pake na pindo moja limetoka huku sehemu iliyonyooka juu yake imetulia, hapo una habari.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni kazi ya mwanajiolojia Harold Fisk juu ya bonde la chini la Mississippi, iliyotolewa mwaka 1944 na ambayo mabamba yake yanapatikana mtandaoni. Fisk alichora mikondo ya mto kwa miaka ya 1765, 1820, 1880 na 1944, kila mmoja kwa rangi yake, pamoja na mikondo ya kale zaidi iliyokadiriwa kutokana na jiolojia. Wengi huzitazama kwa uzuri wake, nami siwalaumu, lakini wewe ziangalie ili uone jinsi mkondo wa mwaka 1820 unavyoushika ule wa 1880 katika sehemu fulani na kuachana nao kwenye mapindo. Zingatia pia jambo ambalo ramani mara chache hulisema: majira. Mto uliopimwa wakati maji yamepungua una kingo tofauti na uliopimwa wakati wa mafuriko, na picha yako ya satelaiti nayo ina mwezi wake. Pima mstari wa katikati ya mkondo badala ya ukingo, utapunguza tatizo hilo ingawa hutaliondoa.

Hifadhi kila picha uliyoitumia pamoja na namba yake ya rafu, anwani yake ya kudumu na tarehe uliyoipakua. Mwezi Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni, na huduma zake nyingi za kidijitali zikakosekana kwa muda mrefu. Watafiti waliotegemea kiungo tu walibaki na kiungo. Soma pia masharti ya matumizi: ramani ya mwaka 1894 kwa kawaida haina tena hakimiliki, lakini taasisi inaweza kuweka masharti juu ya picha yake. Zile za USGS ni huru kwa wote, ilhali za Rumsey hutolewa kwa matumizi yasiyo ya kibiashara.

Ukifika kwenye kuandika matokeo, taja hitilafu yako kwa mita na uonyeshe ilikotoka. Tuseme nukta zako zilizofichwa zimekupa mita 40, unene wa mstari wa mto kwenye karatasi ni milimita 0.3, yaani mita 15, na shaka ya mahali mkondo ulipo kwenye picha ya satelaiti ni mita 20. Ukizipandisha kwa kipeo cha pili, ukazijumlisha na kutafuta kipeuo cha pili cha jumla, unapata takribani mita 47. Pindo lililosogea mita 180 basi unaweza kulitetea mbele ya mtahini yeyote. Lililosogea mita 30 liache kwenye jedwali, uandike kando yake kwamba halipimiki kwa ramani hii, na uiombe maktaba karatasi ya upimaji wa skeli kubwa zaidi ya eneo hilo, ambayo mara nyingi ipo ghalani hata kama haijaskaniwa.